Udhaifu wa Jemadari Funguo

4 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na wale wapangaji wa juu wamepunguza kuburuta viti.

Nakuandikia kwa shida, na najua umelijua hilo kabla hujafungua bahasha. Kile kitabu nilichoachia kazi ya bima kimefika ukingoni. Baba ananitania kwamba kiti changu pale ofisini bado hakijapata mtu, lakini namjua, hatanii. Kitabu kisipotoka mwaka huu, nitarudi kukalia kiti kile.

Uliwahi kuniuliza ni kitabu cha nini hasa, nikakujibu ovyo kwa aibu. Ni hivi. Kuna mchezo wa mezani: mtu mmoja anasimulia, wengine wanajifanya wasafiri wa angani, wanarusha dadu kuona kama wamepona au wameliwa. Wasafiri bila maadui ni watalii tu, kwa hiyo mimi naandika kitabu cha maadui. Kila mwovu ana ukurasa wake: sura yake, makao yake, silaha zake, tabia zake, na mwisho kabisa udhaifu wake, maana mwovu asiyeshindika anaharibu mchezo. Nina haramia, nina mfalme wa vumbi, nina daktari anayeiba usingizi wa watu. Mkubwa wao ni Jemadari Funguo. Meli yake ilikatwa katikati vitani. Yeye amebaki na nusu ya mbele yenye mizinga, adui yake ana nusu ya nyuma yenye injini. Anaweza kumpiga yeyote ila hawezi kwenda popote.

Wewe umesahihisha insha za watoto wa watu mpaka ukastaafu. Tafadhali pitisha kalamu yako nyekundu kwenye za mtoto wako.

Mwanao,
Kobe

11 Machi

Kobe,

Marahaba. Goti halijapoa na wapangaji wamenunua kiti kingine.

Nimesoma. Koma zako zimetua kama nzi, popote zilipochoka. Nimezihamisha. Mfalme wa vumbi ni mvivu, mwandike upya. Mtu mbaya kwelikweli hapigi miayo. Daktari anafaa, nimekutana naye.

Sasa tuje kwa Jemadari Funguo. Unadhani mimi nimezaliwa jana? Meli iliyokatwa nusu. Mwanamke anayetembea na ufunguo kiunoni, wa mlango usio wake. Nimecheka mpaka wapangaji wakagonga sakafu, wao wenye viti. Umemchora wifi yangu, mama yako mzazi, na usijisumbue kukataa.

Sikulaumu. Mimi ninalala mkabala na nusu ya juu ya kabati la marehemu mama. Limekaa juu ya matofali kwa sababu miguu na droo ziko kwa mama yako, na kila nikitaka shuka nafungua mlango kwa kisu cha mkate kwa sababu ufunguo anao yeye. Kila mmoja wetu aliachiwa kabati lile kwa mdomo, na marehemu hayupo wa kuulizwa. Baba yako alipomwita seremala na msumeno, alidhani anaamua kesi. Aliamua mbao tu.

Basi kwa kuwa umeanza, maliza vizuri. Jemadari wako bado mpole mno. Akikasirika asipandishe sauti, aishushe, mpaka inabidi usogee karibu ndipo utukanwe. Na akikupa kitu, wiki ijayo akuulize kama bado unacho. Ila hapo alipowasahihisha wafungwa matamshi kabla ya kuwatupa angani, paache. Ndilo jambo jema pekee alilo nalo.

Siri yako naifukia.

Shangazi

17 Machi

Mwanangu,

Zile kurasa ulizonitumia nikusaidie mavazi ya waovu, baba yako ndiye aliyezipokea. Akasoma, akazikunja, akasema anatoka kunyoosha miguu. Baba yako huyu, ambaye hata chumvi analetewa. Nikajua humu mna jambo.

Nimezisomea dukani, cherehani ikiwa imesimama. Haramia umemvisha koti linaloburuta chini, atajikwaa ngazini kabla hajaiba kitu. Likate magotini. Mfalme wa vumbi asivae nyeupe, mwana, fikiri.

Lakini Jemadari Funguo. Nilimjua kwa kola. Nani mwingine anafunga kola mpaka kifungo cha mwisho hata jua likipasua vigae? Nani anawasahihisha watu matamshi hali wanakaribia kufa? Huyo ni shangazi yako mtupu. Niliporudi kushona bado nacheka, nikamshonea mteja mguu wa suruali ukaungana na mfuko. Hapa kwetu televisheni imekaa juu ya droo za marehemu mkwe wangu, tumezifunika kipande cha plaiwudi, na hakuna mgeni asiyeuliza ni ajali gani ilitokea. Kwa hiyo ule mkasa wa meli nimeuelewa bila kufafanuliwa. Kitu kimoja tu sikukielewa, huo ufunguo. Mtu kutunza ufunguo wake alioachiwa kuna uovu gani?

Mwongezee: apitishe kidole juu ya meza ya mwenyeji wake, akitazame hicho kidole, asiseme kitu. Na awe na namna ya kusema "sawa" ambayo mtu akiisikia anajua mambo si sawa hata kidogo.

Usimwambie kwamba nimejua. Na ule, umekonda hata mwandiko.

Mama

29 Machi

Ndugu Mtunzi,

Tumemjaribu Jemadari Funguo, kama tunavyomjaribu kila mwovu kabla ya kumpiga chapa. Mezani walikuwepo mchapishaji, mhasibu na dereva wa lori letu la kusambazia vitabu. Mimi nilisimulia.

Wameshindwa. Wakaomba warudie, wakashindwa tena vibaya zaidi. Mhasibu alimpelekea Jemadari zawadi ili amlainishe, Jemadari akamwuliza kama ile aliyompa yeye safari iliyopita bado anayo. Mhasibu akaomba kutoka kupunga upepo. Dereva alijipenyeza mpaka chumba cha mizinga, Jemadari akamtazama, akasema "sawa", na dereva akajifunga pingu mwenyewe. Mkewe amenipigia simu kutaka kujua huyo Jemadari anayetajwa nyumbani kwake ni nani.

Sijapata mwovu bora kuliko huyu tangu nianze kazi. Lakini mahali pa udhaifu umeandika "patajazwa baadaye". Mchapishaji hachapi mwovu asiyeshindika, na baada ya yaliyompata mezani ameshikilia hivyo kwa uchungu. Pajazwe kabla Aprili haijaisha. Vinginevyo nafasi yako atapewa yule bwana wa majoka, ambaye majoka yake yote, nasikitika kusema, yanakufa kwa maji.

Ushauri wangu: usibuni. Sisi tulibuni papo hapo, tukamfanya aogope panya, tukamfanya aogope giza, haikumkaa. Nenda kawaulize waliokufundisha kumwogopa.

Mhariri

9 Aprili

Kobe,

Unaniuliza Jemadari anashindwaje. Ningelijua hilo mapema, kabati lingekuwa zima na liko kwangu.

Niliandika uchoyo, nikafuta, mama yako si mchoyo. Nikaandika woga, nikafuta, alishamkimbiza mwizi kwa rula ya kushonea mpaka mwizi akaomba polisi. Nilitaka sana kukuandikia uongo. Lakini kazi yako iko hatarini, na mwalimu haandiki jibu ambalo si jibu, hata kama linamhusu adui.

Basi andika hivi, na usiseme nani kakupa. Hawezi kumwacha mgonjwa.

Mwaka nilipofanyiwa upasuaji tulikuwa tumeshanuniana kitambo. Wodini hakuingia. Ila kitanda changu kilikuwa karibu na mlango, na chini ya pazia nilikuwa naona viatu. Vya kahawia, kimoja kifungo chake kimebadilishwa. Kila saa ya kutazama wagonjwa viatu vile vilikuja, vikasimama, vikamnong'oneza muuguzi, vikaondoka. Halafu muuguzi ananiletea supu, ananiambia imetoka jiko la hospitali. Mimi na uzee wangu nisijue supu ya jiko la hospitali? Nikanywa, nikanyamaza. Mpaka leo yeye anadhani sikujua, na mimi sijui nianzie wapi kumwambia. Ukikaa kimya muda mrefu, hata asante inakuwa nzito kinywani.

Hapo ndipo panapopenyeka. Mtu akiugua, Jemadari anaiacha mizinga yake.

Barua hii sikuisahihisha. Ukiona kosa, ni macho.

Shangazi

13 Aprili

Mwanangu,

Udhaifu wa shangazi yako? Swali gani hilo la kumwuliza mtu aliyeshika mkasi. Nimelifikiria hata nikamkata mteja shati la mkono mmoja.

Anashindwa kuvumilia akiona kitu kinashikwa vibaya. Basi, hana udhaifu mwingine.

Nilipoolewa hakunitaka. Aliwaambia watu kwamba kaka yake ameoa sindano isiyo na uzi. Ulipozaliwa, tena kwa kuchelewa, ndiyo maana ya hilo jina lako, alikuja kumpongeza kaka yake, si mimi. Akakaa ukingoni mwa kiti na kola yake. Mimi nilikuwa nakuogesha. Mama yangu alikuwa mbali, hakuna aliyenionyesha, nimekushika kwapani unaning'inia. Akavumilia. Nikamwona anavumilia. Mwisho akasimama akasema, "Huyo ni mtoto, si shuka." Akakunja mikono ya blauzi akakuchukua. Kesho yake akarudi. Akaendelea kurudi mpaka shingo yako ikakaza. Kila siku alinikaripia, na kila ninachokijua cha kulea nilikipata katika makaripio yale. Hajawahi kuniambia neno tamu. Lakini wewe uko hai na shingo yako imenyooka.

Mwambie huyo bosi wako: anayetaka kumshinda Jemadari, ashike kitu vibaya mbele yake. Ataweka silaha chini aje amwonyeshe.

Na usiseme nimelia. Ni vumbi la kitambaa.

Mama

24 Aprili

Ndugu Mtunzi,

Udhaifu mmoja ulioniletea nilidhani hautoshi, na wa pili nilidhani hauaminiki. Tukaujaribu wote kwa pamoja mezani.

Msafiri anayechezwa na dereva akaugua. Mhasibu akajitolea kumwuguza, na nikagundua kwamba mhasibu wetu, mtu mwema, hajawahi kumwuguza hata paka. Alimpa dawa akiwa amelala chali. Akamfunika uso. Jemadari alivumilia, na mimi niliyemsemea nilivumilia naye. Halafu mhasibu akamlaza mgonjwa miguu juu ya mto, kichwa sakafuni, na nikasikia sauti yangu inasema, "Huyo ni mtu, si gunia." Jemadari akaiacha mizinga, akafungua mlango mkuu kwa mkono wake mwenyewe, akapita katikati ya maadui zake wote kwenda kumgeuza mgonjwa.

Walikuwa wameshinda. Hakuna aliyeshangilia. Mchapishaji akauliza kama ni lazima wamkamate sasa hivi, au wangoje mgonjwa apate nafuu. Wakangoja.

Kitabu kinakwenda mtamboni. Ukurasa wako wa shukrani ni mzuri, hasa hapo unapowashukuru Mama na Shangazi "waliompa Jemadari Funguo ubaya wake na udhaifu wake". Ni desturi ya nyumba yetu kwamba aliyeshukuriwa hutumiwa ukurasa wa shukrani pamoja na ukurasa aliousaidia, kabla ya msomaji mwingine yeyote. Anwani zao nilizipata nyuma ya bahasha zao, ulizozitumia tena kunitumia kurasa. Kurasa nimezipeleka posta asubuhi hii.

Hongera.

Mhariri

27 Aprili

Ndugu Mhariri,

Zirudishe. Sijui posta inafanyaje kazi, lakini nenda kasimame pale uombe.

Hukujua, na mimi sikukwambia, kwa hiyo kosa ni langu. Kila mmoja wao anaamini Jemadari ni mwenzake. Wamesengenyana kwangu kwa mwezi mzima kwa raha zao, na mimi nilinyamaza kwa sababu kurasa zilikuwa zinapendeza. Niliwashukuru pamoja kwa kuwa nilidhani hakuna mtu duniani anayesoma shukrani.

Jemadari si mmoja wao. Ni wote wawili. Nilitaka kumwandika mtu wa kutisha asiyeshindika, nikakaa nikajiuliza namwogopa nani, wakaja wote kwa pamoja, nikawaunga pale msumeno ulipopita. Wamenilea hao wawili. Sijui kumfikiria mmoja mwingine asiingie.

Kama zimeshaondoka, tafadhali niulizie kama watu wa bima bado wana kile kiti changu.

Mtunzi

30 Aprili

Wifi,

Nakuandikia kwa ajili ya mtoto wetu, si kwa jambo lingine.

Nimeletewa ukurasa na watu wa kitabu. Nimemsoma mwanamke aliyefunga kola mpaka juu, anayepitisha kidole kwenye meza za watu. Nikamtazama vizuri. Kisha nikajitazama kwenye kioo cha kabati, nikafungua kifungo kimoja, nikakifunga tena. Halafu nikafika chini, kwenye udhaifu, penye mtoto aliyeshikwa kama shuka. Chumbani mle tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa hajui kusema. Kwa hiyo najua aliyemwambia.

Na wewe ukurasa huohuo umekufikia. Kwa hiyo umeshakutana na viatu chini ya pazia, na unajua vilisemwa na nani. Tumetoka sare.

Nina swali moja tu. Tumfanye nini huyu mtoto?

Shangazi wa Kobe

3 Mei

Wifi yangu,

Shikamoo.

Viatu uliviona. Na mimi nilivyokuwa nanyata. Nilikuwa nikifika kwenye kona ya wodi natembea kwa vidole, wagonjwa wengine wananitazama kama nimerukwa na akili, kumbe wewe umelala unanihesabia. Nimevitafuta uvunguni. Nimevivaa, niko navyo hapa dukani ninapoandika.

Nilipofika kwenye ufunguo, ule wa mlango usio wake, ambao mwenye mlango anaufungua kwa kisu, nilikasirika kidogo. Halafu nikaupapasa kiunoni, ukawepo. Sikujua kwamba umekuwa ukifungua kwa kisu. Yaani miaka yote hii, wifi, kwa kisu.

Supu ile ilikuwa na chumvi sawasawa? Nimetaka kukuuliza tangu siku hizo.

Kuhusu mtoto, asiachwe hivihivi. Nina wazo ila linataka kalamu nyekundu. Nakuja Jumamosi, ufunguo nitauleta. Baba yake ameanza tena kunyoosha miguu tangu bahasha ifike. Nimemwambia arudi, safari hii kuna droo za kubeba.

Wifi yako

12 Mei

Kwa Kobe, na nakala kwa Mhariri,

Kitabu kina upungufu. Mwovu mkubwa kuliko wote hayumo. Tumemwandika, mmoja akisema na mwingine akisahihisha, na Mhariri amesema kwenye simu kwamba kuna ukurasa mmoja mwishoni uko wazi.

Anaitwa Mtunzi. Sura yake ni ya mtu asiyejua nani kamaliza sukari. Kola imelegea. Suruali haifiki kwenye viatu, na aliambiwa asinunue za dukani hali mama yake ni fundi. Makao yake ni chumba cha kupanga chenye vikombe vichafu chini ya kitanda. Silaha yake ni "shikamoo", huitanguliza kila anapotaka kitu. Humwandikia kila mtu kana kwamba yuko peke yake duniani. Ubaya wake usiosameheka ni kwamba aliwafanya wanawake wawili watu wazima waseme ukweli wa mioyo yao, kila mmoja akidhani anasengenya. Kwa kumbukumbu, supu ilizidi chumvi. Hilo limeandikwa kwa kalamu nyekundu na mwenye kupika hakubaliani nalo.

Udhaifu wake tumebishania mpaka chai ikapoa. Mama anasema ni njaa. Shangazi anasema ni koma. Kisha tukakumbuka wote kwa pamoja. Alipokuwa mdogo, nyumbani kwa marehemu bibi yake, watu walikuwa wanamtania wakimwuliza anampenda nani zaidi, Mama au Shangazi. Alikuwa hajibu. Alikuwa anaingia ndani ya kabati na kujifungia, na hatoki mpaka tumwite sote wawili kwa sauti moja.

Kabati lenyewe limeungwa juzi, na seremala yuleyule, ambaye kwa kuogopa hasira zetu hakutoza kitu. Mbao iliyoliwa na msumeno haiwezi kurudishwa, kwa hiyo limekuwa fupi kidogo na lina mshono kiunoni. Ufunguo unafungua. Tulipolifungua mara ya kwanza, baba yako alikwenda kunyoosha miguu.

Kwa Mama halikai, na kwa Shangazi halikai, maana tungeanza upya. Linakuja kwako Jumapili kwa lori la watu wa vitabu. Dereva amesema, "Ndiyo, Jemadari," kabla hatujamaliza kumwomba.

Tumeshapima, halipiti mlangoni kwako. Ukimwita mtu mwenye msumeno tutajua. Toa mlango.

Jemadari Funguo,
nusu zote mbili